Mashina ya rasiberi kwenye bustani ya mwanangu Uingereza: yakatwe yote au yaachwe?

Bibi wa Chumbageni

Assalaam alaykum ndugu zangu wa Tanga, mlio nyumbani na mliotawanyika. Naomba msaada wenu katika jambo la bustani, kwa kuwa najua humu wamo walioishi Ulaya miaka mingi, na wamo pia wakulima wa Lushoto wanaoyafahamu matunda ya nchi za baridi kuliko sisi wa pwani.

Nipo Bedford, Uingereza, kwa mwanangu wa kike, na nitakuwapo hadi mwishoni mwa Julai. Mwanangu ni muuguzi wa zamu na mkwe wangu ni dereva, hivyo bustani ya nyuma ya nyumba wameniachia mimi, nami sikuikataa, maana kushinda ndani kunanichosha kuliko jembe. Nyumba yenyewe wameinunua mwaka jana wakati wa vuli ya huku, na aliyekuwamo kabla yao aliacha safu ndefu ya mimea ambayo majirani wametuambia ni rasiberi. Sasa ni Februari na haina hata jani moja. Ni mashina matupu yanayonizidi kimo, yamefungwa ovyo kwenye waya mmoja uliolegea.

Nimeyatazama kwa karibu. Yapo mashina ya kijivu ambayo gome lake linabanduka, yenye vitawi vikavu pembeni kuanzia kiunoni mpaka juu, na ukiyapinda yanakatika. Yapo mengine ya rangi ya kahawia iliyoelekea wekundu, laini, yasiyo na kitawi chochote. Upande wa mwisho, karibu na banda la baiskeli, yapo yaliyo mafupi kidogo na yenye vikonyo vikavu vya matunda huko juu tu, nchani.

Tatizo ni kwamba jirani wa kulia ananiambia niyakate yote sasa hivi, yabaki vidole viwili kutoka ardhini, kabla Machi haijaingia. Jirani wa kushoto anasema nikifanya hivyo mwaka huu hatutaonja tunda hata moja. Wote wawili ni wazee, wote wana bustani nzuri, na wote wamezungumza kwa uhakika. Nimsikilize nani?

Nina maswali mengine mawili. Mwanangu ana mche wa bluberi ndani ya chungu, na picha za kiangazi kilichopita zinaonyesha majani yake yakiwa ya manjano huku mishipa ikibaki kijani, nini kinausumbua? Na la mwisho, je, naweza kuja na miche ya rasiberi nikaipanda nyumbani Chumbageni? Nina uwanja wa kutosha na kisima.

Mtoto wa Ngamiani

Shikamoo Bibi. Mimi ni mzaliwa wa Ngamiani ila naishi Dundee, Scotland, ambako rasiberi ni zao la jimbo zima. Mashamba ya Blairgowrie, kwa mfano, yanajulikana kwa tunda hili kwa zaidi ya miaka 100, na aina nyingi ambazo majina yake huanza na Glen, kama Glen Ample na Glen Prosen, zilizalishwa katika kituo cha utafiti cha Invergowrie, nje kidogo ya mji huu.

Majirani zako wote wawili wamesema kweli, kila mmoja kwa mmea wake. Rasiberi ziko za namna mbili. Za kwanza huzaa katikati ya kiangazi, yaani kuanzia mwishoni mwa Juni hadi Julai, na hizi huzaa kwenye shina lililoota mwaka uliotangulia: mwaka wa kwanza shina huchipua kutoka ardhini, hurefuka na kutoa majani tu, mwaka wa pili hutoa vitawi, maua na matunda, kisha hufa. Za pili huzaa kuanzia Agosti hadi baridi kali inapoingia, na hizi hazingoji, kwani shina lililochipua Machi huzaa nchani mwaka huohuo. Anayelima namna ya pili hukata yote mwezi Februari na hapotezi kitu. Anayelima namna ya kwanza akikata yote Februari, amekata mavuno yake.

Kwa mtu wa kwetu si jambo geni. Mgomba ukishatoa mkungu tunaukata, na machipukizi yaliyo pembeni yake ndiyo yanayochukua zamu. Hakuna anayemwaga machozi kwa mgomba uliokwisha kuzaa, wala hakuna anayefyeka machipukizi na kuacha mzee. Shina la rasiberi nalo ni hivyohivyo, tofauti ni kwamba hapa yapaswa ulitazame gome ili ujue lipi mzee na lipi kijana.

Hayo ya kijivu yanayobanduka gome na yenye vitawi vikavu yamekwisha kazi yake. Yakate yote, chini kabisa, usiache visiki kwa sababu hukaribisha kuvu. Yale laini ya kahawia ndiyo yatakayokupa matunda ukiwa bado huko, kwa hiyo usiyaguse isipokuwa kupunguza yaliyo dhaifu. Kila mche ubaki na mashina 6 hadi 8 yenye nguvu, na uyafunge kwenye waya yakiachana kiasi cha sentimita 10, ili hewa ipite na mkono uweze kuingia wakati wa kuchuma. Huo waya mmoja uliolegea hautoshi. Mwombe mkweo asimamishe nguzo mbili madhubuti na waya mbili au tatu, wa juu ukiwa kama mita moja na nusu kutoka chini, kwa maana shina lenye matunda na mvua juu yake huinama likavunjika.

Mizizi ya rasiberi hukaa juujuu. Usilime kwa jembe karibu na shina. Ng'oa magugu kwa mkono, kisha tandaza mboji au samadi iliyooza vizuri unene wa kiganja, bila kuigusisha na mashina yenyewe. Mmea huu unapenda maji lakini hauvumilii kutuama kwa maji, kwani mizizi huoza na hakuna dawa ya kuirudisha. Na machipukizi yatakayotokea mbali na safu, mengine hata katikati ya nyasi au upande wa jirani, yang'oe yangali machanga, la sivyo baada ya miaka michache bustani nzima itakuwa rasiberi.

Kuhusu kuchuma, tunda lililoiva huachia lenyewe ukilivuta kwa vidole viwili, na kile kiini cheupe hubaki kwenye kikonyo, ndiyo maana tunda huwa na uwazi ndani. Likigoma, liache mpaka kesho. Chuma asubuhi umande ukishakauka, weka kwenye chombo kipana chenye kina kifupi ili ya juu yasiyaponde ya chini, na usioshe mpaka saa ya kula. Katika friji hayazidi siku mbili tatu.

Mkulima wa Soni

Marhaba, Bibi. Nitajibu lile la kuleta miche Chumbageni, kwa kuwa swali hili tunaulizwa mara nyingi na watu wa mjini wanaopanda kuja Lushoto, wakaona plamu, peasi na mapichi yakiuzwa kando ya barabara, wakadhani kila linaloota Ulaya litaota Tanga yote.

Rasiberi haiombi udongo mzuri na maji peke yake. Inahitaji usingizi. Aina nyingi, hasa hizo za kiangazi, zinapaswa kupata saa kati ya 800 na 1,600 za baridi iliyo chini ya nyuzi 7 ndipo macho yake, yaani vile vinundu vya kuchipulia, yafunguke vizuri na kutoa maua. Tanga mjini, hata mwezi wa Julai upepo wa kusi unapovuma, usiku hucheza karibu na nyuzi 20, kwa hiyo mmea hautalala hata saa moja. Utakachokiona ni majani kwa miezi kadhaa, pengine shina moja lililorefuka kwa taabu, kisha kuvu la joto na unyevu litaumaliza. Huku kwetu juu, Lushoto ikiwa kwenye kimo cha mita 1,400 hivi, tuna baridi ya kuvaa sweta lakini si hiyo ya kuulaza mmea kwa majuma, ndiyo maana anayetaka kujaribu rasiberi milimani atafute zile zinazozaa nchani mwaka huohuo, ambazo zinadai baridi kidogo. Stroberi haina masharti makali kiasi hicho na hulimwa huku milimani.

Sio kwamba watu hawakujaribu mimea ya kigeni katika mkoa wetu. Wajerumani walianzisha kituo cha utafiti pale Amani mwaka 1902 na wakapanda miti na mimea kutoka mabara yote, na mengi kati ya hayo yapo hadi leo. Lakini waliyoyaacha yakastawi ni yale yaliyolingana na joto na mvua ya Usambara, na tabia ya nchi haikubadilika kwa sababu ya hamu ya mtu.

Jambo la pili ni la sheria, na ningependa ulizingatie zaidi ya la kwanza. Mche, kipandikizi au mzizi wowote unaoingizwa nchini unahitaji kibali cha kuingiza na cheti cha afya ya mimea kutoka nchi unakotoka, chini ya Sheria ya Afya ya Mimea ya mwaka 2020 inayosimamiwa na TPHPA, mamlaka ya serikali ya afya ya mimea na viuatilifu. Mche uliofungwa kwenye gazeti ndani ya sanduku la nguo utachukuliwa uwanja wa ndege, na ni haki yao, kwa sababu rasiberi hubeba virusi na magonjwa ya mizizi ambayo hayaonekani kwa macho. Misitu yetu ya Usambara ina jamaa zake za asili, mimea yenye miiba na vitunda vinavyofanana na rasiberi ambavyo watoto wa huku huchuma njiani. Ugonjwa mgeni ukiingia, utaanza na hao.

Ukitaka tunda dogo la kuchuma na wajukuu Chumbageni, panda mforsadi. Unaota kwa kipande cha tawi, unalistahimili joto la pwani, na ukiupogoa baada ya kuzaa unachipua na kuzaa tena. Mimi mwenyewe nauona mtamu kuliko rasiberi, ingawa najua watu wa Dundee watanikasirikia.

Mtoto wa Ngamiani

Hatukasiriki, kaka, ila hujala rasiberi iliyochumwa kwenye shina. Zile za dukani zinachumwa kabla hazijakomaa ili zivumilie safari.

Fundi Bustani

Samahani kwa kuingilia. Bibi ameandika jambo ambalo naona limepitwa. Amesema karibu na banda la baiskeli yapo mashina mafupi yenye vikonyo vikavu nchani tu. Hiyo ni alama ya rasiberi za majira ya pili, zile zinazozaa Agosti na kuendelea, kwani hizo huzaa kwenye theluthi ya juu ya shina na sehemu ya chini hubaki tupu. Za kiangazi huacha vitawi vikavu shina zima. Inaelekea safu hiyo ina namna mbili zilizopandwa pamoja, na huenda jirani wa kulia amekuwa akitazama upande wa banda miaka yote, na wa kushoto upande wa pili.

Kwa hiyo ushauri wangu ni huu: mashina ya upande wa banda yakate yote sasa kama alivyosema jirani wa kulia, isipokuwa machache, tuseme manne, uyakate nusu ya juu tu, ile iliyokwisha kuzaa. Nusu ya chini iliyobaki ina macho ambayo hayajafunguka na itatoa matunda kidogo mwezi wa Juni, kabla hujaondoka. Ukiyaona hayo matunda, utakuwa umepata uthibitisho. Funga kitambaa chekundu kwenye waya mahali namna moja inapoishia na nyingine inapoanza, ili mwanao asichanganye mwakani.

Mwanafunzi wa Zamani wa SUA

Shikamoo Bibi. Nijibu la bluberi, ambalo ndilo nililolisomea. Kabla sijasema lolote: birika la chai hapo nyumbani likichemsha maji mara kadhaa, linaota ukoko mweupe ndani?

Bibi wa Chumbageni

Marahaba mwanangu. Ukoko upo, tena mnene. Mwanangu huuondoa kwa siki. Hata kwenye mabomba ya bafuni upo. Na wewe wa bustani, Mwenyezi Mungu akubariki. Nimekwenda kutazama tena na ni kama ulivyosema, ule upande wa banda hauna vitawi vya pembeni hata kimoja.

Mwanafunzi wa Zamani wa SUA

Basi jibu liko kwenye birika. Ukoko huo ni chokaa, na maji ya sehemu nyingi za mashariki na kusini ya Uingereza yanapita kwenye miamba ya chokaa kabla ya kufika bombani. Bluberi ni mmea wa udongo wenye tindikali. Unataka kipimo cha pH (kadiri kinavyoshuka ndivyo tindikali inavyozidi) kati ya 4.5 na 5.5, ambacho mahindi na mboga zetu nyingi zisingekifurahia. Kila ukiumwagilia maji ya bomba, chokaa inapandisha kipimo hicho kidogo kidogo, na kipimo kikipanda, madini ya chuma yaliyomo kwenye udongo hujifunga na mizizi haiwezi kuyanyonya. Jani linalokosa chuma hugeuka manjano huku mishipa ikibaki kijani, na majani machanga ya nchani hutangulia kuonyesha dalili. Ndicho unachokiona kwenye picha. Mtu asiyejua huongeza mbolea, na mmea huzidi kudhoofika, kwa sababu chakula kipo ila mlango umefungwa.

Historia ya zao lenyewe inaonyesha kwamba hili ndilo lililokuwa kizuizi kikubwa. Hadi mwanzoni mwa karne ya 20 Wamarekani walikuwa wakichuma bluberi porini, na kila aliyejaribu kuzihamishia shambani kwenye udongo mzuri wa kawaida alishindwa. Mtaalamu wa mimea Frederick Coville alichapisha mwaka 1910 maelezo kwamba zinadai udongo wenye tindikali, kisha akashirikiana na Elizabeth White, binti wa familia ya wakulima huko New Jersey, aliyewalipa wachumaji wa porini wamwonyeshe vichaka vyenye matunda makubwa kuliko vyote. Mavuno yao ya kwanza ya kuuza yalipatikana mwaka 1916. Bluberi zote kubwa za dukani zimetokana na kazi ya namna hiyo, kwa hiyo si tunda la kale shambani kama zabibu au tende.

Cha kufanya ni kuuhamisha mche mwezi huu, ungali umelala, kwenye chungu kikubwa zaidi chenye matundu chini, ukitumia udongo maalumu wa mimea inayopenda tindikali. Maduka yote ya bustani ya huko yanao. Mwanao aulize udongo wa kupandia azalea au kamelia, watamwonyesha. Pili, wekeni pipa chini ya bomba la paa mkusanye maji ya mvua, na hayo ndiyo yawe maji ya bluberi. Kwetu Tanga kukinga maji ya mvua si elimu mpya, na Uingereza mvua haina msimu, hivyo pipa halitakauka kwa muda mrefu. Kiangazi kikizidi na pipa likiisha, ni afadhali maji ya bomba kuliko kuuacha ukauke, ila iwe ni dharura.

Tatu, na hili nalisema kwa sababu najua mazoea yetu, usiweke majivu. Majivu ya kuni tunayoyamwaga kwenye bustani ya mchicha yanafanya kazi ileile ya chokaa, na kwenye bluberi ni sumu ya polepole. Mmea mmoja huzaa peke yake, lakini ukiwekewa wa aina nyingine kando yake huzaa zaidi na matunda huwa makubwa. Na msichume tunda siku linapogeuka bluu, liacheni siku chache zaidi, kwa sababu rangi hutangulia utamu.

Binti wa Pangani

Bibi, pole na hongera kwa kazi. Nimeishi Northampton, si mbali na ulipo, na nina la kuongeza kwa vile wajukuu wametajwa hapo juu.

Agosti ikiingia utawaona watu wakichuma matunda meusi kwenye vichaka vya miiba kando ya njia za miguu. Hizo ni blakiberi za porini, ni halali kuzila, na sheria ya wizi ya Uingereza ya mwaka 1968 yenyewe inasema kuchuma matunda ya mmea ulioota porini si wizi ikiwa mtu hachumi kwa ajili ya kuuza. Zina tofauti ndogo na rasiberi, kwani blakiberi hutoka pamoja na kiini chake. Wewe utakuwa umerudi Tanga, lakini mwanao awapeleke watoto. Wachume yaliyo juu ya kimo cha mbwa, na yasiyo kando ya barabara yenye magari mengi.

Ila wafundishwe mapema kwamba si kila tunda dogo linalong'aa ni la kuliwa. Sisi tumezoea mnavu, na vitunda vyake vyeusi watoto wa kwetu huvichezea bila mtu kushtuka. Uingereza upo mmea wa jamii hiyohiyo ya mnavu unaoitwa beladona, ambao tunda lake ni jeusi, linang'aa, ni kubwa kama cheri na limekalia majani matano yaliyotandazika kama nyota. Machache tu yanaweza kumuua mtoto. Upo mwingine unaoota chini ya ua na kwenye vivuli, wenye vitunda vyekundu vilivyoshikamana kwenye kikonyo kimoja kinachosimama wima bila majani, nao unachoma mdomo na koo. Kanuni tuliyowawekea wanangu ilikuwa kwamba hakuna tunda linaloingia mdomoni kabla halijapita mkononi mwa mtu mzima.

Kuhusu ndege: watakuja, na watakuja siku moja kabla yako. Tandazeni wavu juu ya safu matunda yanapoanza kubadilika rangi, lakini uvutwe ukaze na kufungwa chini, kwani wavu uliolegea hunasa ndege akafia humo. Na ukikuta tunda lina sehemu kavu ya kahawia kwenye kikonyo, lipasue, utakuta funza mdogo wa mbawakawa wa rasiberi. Matunda yanayochelewa, ya Agosti na Septemba, yana adui mwingine, inzi mdogo aliyetoka Asia ya Mashariki na kuonekana Uingereza mwaka 2012, ambaye hutaga ndani ya tunda linaloiva. Dawa ya bustani ya nyumbani ni kuchuma mara kwa mara na kutoacha yaliyooza yadondoke chini.

Bibi wa Chumbageni

Narudi kwenu, sasa ni mwishoni mwa Juni. Mashina ya kahawia ya upande wa ukuta yalitoa maua Mei, meupe na madogo, nyuki wakajaa mpaka mwanangu akaogopa kupita, na leo tumechuma bakuli la kwanza. Yale manne ya upande wa banda niliyoyakata nusu nayo yametoa matunda machache, wakati mapya yaliyochipua kando yake yananifika kifuani na hayana ua hata moja, hivyo aliyesema safu ina namna mbili alisema kweli. Jirani wa kulia nimempelekea kikombe kimoja cha matunda na wa kushoto kingine, na wote wawili wameniambia, kila mmoja kwa wakati wake, "Si nilikwambia?"

Bluberi imehamishwa, pipa lipo, na majani mapya yametoka kijani. Matunda yake bado ni mabichi.

Nimebakiwa na jambo moja. Matunda ni mengi kuliko tunavyoweza kula, na ningependa nipike jemu nije nayo Tanga. Je, inapikwaje, na itapita uwanja wa ndege?

Binti wa Pangani

Inapikwa kirahisi, Bibi. Uzito wa sukari ulingane na uzito wa matunda. Anza kuchemsha matunda peke yake bila maji mpaka yapondeke, ongeza sukari na juisi ya limau moja kwa kila kilo, koroga kwa moto mdogo hadi sukari iyeyuke kabisa, kisha moto mkali kwa dakika chache. Weka kisahani kwenye friza kabla hujaanza. Ukidondosha tone juu yake, likaganda na kukunjika unapolisukuma kwa kidole, imeiva. Usingoje iwe nzito sufuriani, kwa maana ikipoa itakuwa jiwe. Chupa zichemshwe, zijazwe zingali za moto na kufunikwa papo hapo.

Usiiweke kwenye mkoba wa mkononi, kwa kuwa jemu huhesabiwa kuwa kimiminika na chupa inayozidi mililita 100 inaweza kuchukuliwa kwenye ukaguzi. Iweke kwenye sanduku kubwa, kila chupa ndani ya mfuko wake wa plastiki, katikati ya nguo.

Fundi Bustani

Na kabla hujafunga sanduku, Bibi, mwonyeshe mwanao mashina yaliyozaa mwezi huu upande wa ukuta. Hayo yakatwe mara tu matunda yanapokwisha, Agosti, na yale mapya ya kijani yafungwe kwenye waya mahali pake. Upande wa banda usiguswe mpaka Februari.